Faida ya Shilingi Mia Moja

Nianze na mavi. Kama unakula, samahani, maliza kwanza kisha urudi. Ila urudi kweli, kwa sababu mazungumzo yetu yote kuhusu ufugaji wa kuku huanza na nyama na kuishia kwenye faida, na hakuna anayeuliza kile kitu kingine kinachotoka kwa kuku huwa kinaenda wapi.

Mimi najua kinaenda wapi. Nilikipeleka mwenyewe.

Mwaka wa tatu chuoni karo ilinishinda, nikarudi nyumbani Ruiru na nusu ya digrii na washauri wengi. Wote walikuwa na wazo moja. Mjomba alisema kuku. Pasta alisema kuku. Jamaa mmoja wa YouTube, mwenye gambuti safi kuliko za mfugaji yeyote niliyewahi kumwona, alisema broila ni siku 42 tu na pesa iko mkononi. Mama akaniombea mkopo kwa chama chao, nikanunua vifaranga 300, nikawaweka kwenye banda la mabati nyuma ya nyumba.

Nilifuata kila nilichoambiwa. Taa usiku kucha, chanjo kwa tarehe, stata kisha finisha, maranda makavu juu ya maranda yaliyolowa. Kuku 30 walikufa, 270 wakafika sokoni. Mimi nikabaki na magunia 19 ya maranda yaliyoshikana na mavi kama matofali. Jirani mwenye shamba la sukuma alichukua mawili, na wiki iliyofuata akarudi na hasira: mavi mabichi yalikuwa yamemchomea mboga. Yale 17 yaliyobaki niliyarundika nyuma ya banda, kando ya mtaro, nikijiambia nitayatafutia mahali. Halafu ikaja mvua ya Aprili.

Wiki tatu baadaye mama anayekaa ploti ya chini, mwenye kisima, alibisha mlango. Hakupiga kelele. Alikuwa ameshika kikombe cha plastiki.

"Kijana wangu, hebu nusa haya maji."

Nikanusa.

"Sasa hata kuogesha watoto siwezi."

Nikamwambia, "Pole sana mama, nitaangalia." Kuangalia nini? Magunia yalikuwa yamepasuka na nusu ya mavi ilikuwa imeshashuka na mtaro.

Usiku huo nilitoa daftari nikapiga hesabu. Vifaranga 300 kwa shilingi 100 kila mmoja: 30,000. Magunia 22 ya chakula kwa shilingi 3,700: 81,400. Makaa, maranda, chanjo na dawa: 10,000. Jumla 121,400. Mauzo, kuku 270 kwa shilingi 450: 121,500.

Faida: shilingi 100. Soo moja, baada ya siku 42 za kulala macho wazi.

Nilicheka kwanza. Kisha nikaona jambo ambalo sijaweza kuacha kuliona tangu siku hiyo. Kwenye daftari langu hakukuwa na mstari wa mavi. Ningelipa pikapu ya kuyabeba, au mahali pa kuyaozesha vizuri yawe mbolea, ile mia isingekuwepo. Ilikuwepo kwa sababu kisima cha mama wa chini kilibeba gharama ambayo mimi sikuilipa. Faida yangu ilikuwa maji yake.

Utaniambia kuku 300 si kiwanda. Ni kweli. Kwa hiyo nikuambie nilichoona kwenye kiwanda.

Nilipomaliza kulipa deni la chama nilipata kibarua kwenye shamba kubwa upande wa Thika. Sitalitaja, na halina tofauti na mengine. Lilikuwa na mabanda sita, kila moja na kuku elfu nane. Kila kundi likienda machinjioni, lori lilikuja jioni kubeba maranda. Mengine yaliuzwa kwa wakulima, sikatai. Lakini msimu wa mvua, wakulima wakiwa hawataki, lori lilielekea kwenye shimo la mawe lililoachwa, lenye maji, ambapo watoto huogelea wikendi. Nilimwuliza msimamizi kama hapo ni sawa. Akasema, "Achana nayo, mvua itamaliza." Mvua haimalizi kitu, kijana wa Ruiru anajua. Mvua inasafirisha tu. Maji ya upande huu wetu huishia Mto Athi, na Athi ukiteremka unaitwa Galana, halafu Sabaki, kisha unaingia baharini kaskazini mwa Malindi. Kati ya hapa na bahari kuna watu wanaoteka maji hayo kwa ndoo, na hakuna hata mmoja wao aliyeulizwa.

Shosho wangu alifuga kuku maisha yake yote. Hakuwa na zaidi ya 15. Walikula mabaki, mchwa na mahindi yaliyomwagika, na mavi yao yalirudi kwenye ndizi na sukuma za shamba lile lile lililowalisha. Hakuna alichokipoteza na hakuna aliyemchafulia. Ule ulikuwa mzunguko. Kiwanda cha mifugo kinaukata huo mzunguko sehemu mbili. Chakula kinatolewa mbali, kwenye ardhi na maji ya watu wengine, na ardhi hiyo hairudishiwi chochote. Mavi yanarundikana mahali pamoja, mengi kuliko udongo wa hapo unavyoweza kuyala. Huku kunakauka, huku kunazama. Halafu katikati anasimama mtu na kuku wa bei nafuu, anatuambia haya ndiyo maendeleo.

Ukitaka kujua banda langu la mabati likikua linakuwa nini, usitazame video za YouTube. Tazama North Carolina, Marekani, jimbo lenye mamilioni ya nguruwe. Wengi wako mashariki ya jimbo, kwenye mabanda yenye sakafu ya matundu. Mavi na mkojo hushukia chini, hupelekwa kwenye bwawa la wazi, kisha hunyunyizwa mashambani kwa mipira mikubwa. Duplin, kaunti moja tu, ina nguruwe wengi kuliko watu kwa makumi. Juni 1995 bwawa moja lilipasuka likamwaga galoni milioni 25, karibu lita milioni 95, na uchafu ukaingia New River na kuua samaki. Mwaka wa 1997 jimbo likasimamisha ujenzi wa mabwawa mapya ya aina hiyo. Yale ya zamani yakaachwa pale pale. Septemba 2018 kimbunga Florence kikaja. Zaidi ya kuku na bata mzinga milioni 3 walikufa maji ndani ya mabanda, pamoja na nguruwe elfu kadhaa, na mabwawa kadhaa ya mavi yakafurika.

Na nani anaishi kando ya mabwawa hayo? Sitakuficha: kwa kiasi kikubwa ni Wamarekani weusi, Walatino na wenyeji asilia wa nchi ile, wengi wao maskini. Majirani walienda kortini wakieleza jinsi harufu inavyoingia hadi kwenye nguo walizoanika, na mwaka huo huo wa 2018 majaji raia wakawapa ushindi, kesi baada ya kesi. Bunge la jimbo lilifanya nini? Lilipitisha sheria za kufanya kesi kama hizo ziwe ngumu kufungua. Likabana waliolalamika, likayaacha mabwawa.

Usiseme hayo ni ya Marekani. Mei mwaka huo huo wa 2018, hapa hapa kwetu, bwawa la shamba la watu binafsi lilipasuka Solai, Kaunti ya Nakuru, usiku, likaua zaidi ya watu 40. Hilo lilikuwa bwawa la maji tu. Kwa hiyo mtu akiniambia Kenya itakuwa na mashamba makubwa ya mifugo "yanayosimamiwa vizuri", huwa namwuliza yanasimamiwa na nani. Wale wale?

Tazama pia Uholanzi, kwa sababu Waholanzi hutuletea sana mafunzo, mashine na mbegu za kilimo cha kisasa. Nchi ile ilijaza mifugo kwenye ardhi ndogo hadi amonia ya mavi ikaanza kuua misitu na nyika zake. Mei 2019 mahakama yao ya juu ya mambo ya utawala ilisema serikali haiwezi kuendelea kutoa vibali kwa ahadi tu kwamba uchafuzi utapungua baadaye. Miradi ikakwama, wakulima wakafunga barabara kwa matrekta, na mwaka wa 2023 serikali ikatenga karibu yuro bilioni 1.5 kuwalipa wafugaji wanaochafua zaidi wafunge kwa hiari. Yaani kule wanalipana pesa watoke. Huku tunakopa pesa tuingie.

Hapo nimeongea kuhusu kinachotoka. Sasa kinachoingia.

Kuku mmoja wa broila hula kilo tatu mpaka nne za chakula kabla hajachinjwa. Zile gunia zangu 22 zilikuwa na nini? Mahindi, soya na omena. Soya yenyewe hapa Kenya tunalima kidogo mno, nyingi hutoka Uganda, Tanzania, Zambia na Malawi. Duniani kote, karibu robo tatu ya soya yote hulishwa mifugo. Huko Brazil nyika ya Cerrado, chanzo cha mito mikubwa ya nchi ile, imeshapoteza karibu nusu ya uoto wake wa asili kwa malisho ya ng'ombe na mashamba, soya ikiwa mbele. Hiyo ndiyo njia tunayoambiwa tuifuate.

Omena ndiyo inayoniuma zaidi. Watanzania huiita dagaa. Ni samaki wa maskini: wa kupimiwa kwa kikombe, hahitaji friji, mtoto anamla na mifupa yake yote. Sehemu kubwa ya omena wanaovuliwa Ziwa Victoria haifiki kwenye sufuria ya mtu. Inasagwa kuwa chakula cha mifugo. Mama wa Kisumu au Homa Bay anashindania kikombe cha omena na kiwanda chenye malori, na bei ikipanda anayepunguza ni yeye. Kisha tunachukua protini ambayo tayari ilikuwa chakula cha binadamu, tunampa kuku, kuku anaitumia nyingi kwa kupumua na kuota manyoya, tunapata nyama, na tunajisifu kwamba tunapambana na njaa. Njaa ya nani? Anayekula omena siye anayekula kuku na chipsi Roysambu.

Wenye viwanda wana jibu moja wanalolipenda, na nitalitaja kwa haki. Wanasema kilo moja ya nyama ya kuku hutoa gesi joto kidogo sana kuliko kilo ya nyama ya ng'ombe. Ni kweli. Shirika la FAO lilisema mwaka wa 2013 kwamba mifugo huchangia asilimia 14.5 ya gesi joto zinazotokana na binadamu, na sehemu kubwa ni ng'ombe. Lakini hesabu hiyo ni ya hewa ya dunia nzima. Mtaro wa Ruiru haujui wastani wa dunia. Kisima kinajua magunia 17 yaliyo juu yake. Ukiniambia banda lako lina gesi kidogo, nitakupongeza, kisha nitakuuliza tena: mavi yako wapi?

Na dawa. Nilipoona kuku wa kwanza wamekufa nilikimbia agroveti. Jamaa hakuuliza kitu, hakuna daktari wa mifugo aliyehusishwa, akanipa pakiti ya antibiotiki, oksitetrasaiklini, akasema weka kwa maji ya kunywa "kwa wote, uwakinge". Niliwapa wote, wazima na wagonjwa. Pakiti iliandikwa siku za kungoja kabla ya kuchinja. Mteja wa hoteli alitaka kuku Ijumaa. Niliwauza Ijumaa. Sijivunii, nakuambia tu namna inavyofanyika. Dawa ile haiyeyuki ikaisha: nyingine hutoka na mavi, inaingia kwenye udongo na maji, na bakteria wanajifunza kuishi nayo. Siku mtoto wa mtu atalazwa na dawa ikatae, hakuna atakayerudi kwenye banda langu kuuliza. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku antibiotiki za kukuzia mifugo tangu Januari 2006. Hapa kwetu unainunua kaunta moja na kamba ya mbuzi.

Sasa nasikia mtu akisema: wewe uliyeshindwa chuo ukashindwa na kuku, unataka watu wasifuge? Vijana hawana kazi. Watu wanataka nyama.

Nimesikia. Mimi ndiye huyo kijana asiye na kazi. Ndiyo maana nakasirika kila ninapoona mwanasiasa akigawa vifaranga na incubeta mbele ya kamera. Rudi kwenye daftari langu uangalie nani alilipwa. Muuza vifaranga alilipwa siku ya kwanza. Muuza chakula alilipwa kila wiki. Muuza dawa alilipwa kaunta. Mwenye hoteli alipata kuku wake. Hatari yote nilibeba mimi, na uchafu wote ulibebwa na mama wa chini. Bei ya chakula cha mifugo ilipopaa mwaka wa 2021 na 2022, wafugaji wadogo walifunga mabanda. Wakubwa walivumilia, soko likawa lao. Hiyo siyo ajira kwa vijana. Ni njia ya kutumia mkopo wa chama cha mama zetu kuwajengea wengine soko.

Na sisemi tusile kuku. Nasema kuku alipiwe gharama yake yote na anayemuuza na anayemla, siyo na jirani.

Ninachotaka siyo miujiza. Kwanza, asipewe mtu kibali cha banda kubwa kabla hajaonyesha ardhi, kwa ekari, itakayopokea mavi yake mwaka mzima, mvua na kiangazi. Kama ardhi hana, kuku hana. Pili, vibali vihesabiwe kwa bonde zima la mto, siyo shamba moja moja. Kila shamba likipimwa peke yake linaonekana dogo, mto ndio unaozipokea zote. Tatu, sheria tayari tunayo. Kanuni za ubora wa maji zinataka anayemwaga maji taka awe na leseni ya NEMA. Katiba, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi. Basi vipimo vya maji vibandikwe mahali ambapo chifu na mama wa kisima wanaweza kuvisoma, visifungiwe kwenye faili Nairobi. Nne, antibiotiki iandikwe na daktari wa mifugo, kwa kuku mgonjwa. Tano, omena warudi kwa watu. Watafiti wa icipe, hapa hapa Kasarani, wamefanya kazi miaka mingi juu ya funza wa inzi mweusi wanaolelewa kwenye taka na kulishwa kuku. Kama ni ruzuku, ipelekwe huko, na kwa mfugaji mdogo anayerudisha mavi shambani kama alivyofanya shosho.

Wataniambia hayo yatapandisha bei ya kuku. Yatapandisha. Kuku wa kweli ni ghali. Huyu tuliyemzoea ni ghali vile vile, tofauti ni kwamba risiti yake hupelekwa kwa mtu mwingine.

Nitakuonyesha hiyo risiti. Baada ya kile kikombe cha plastiki, mama wa ploti ya chini alinunua maji kwa muuza mkokoteni, mitungi miwili kwa siku, shilingi 20 kila mtungi. Alifanya hivyo miezi miwili, hadi kisima kikasafishwa. Shilingi 40 kwa siku, siku 60. Ni 2,400.

Mimi nilipata faida ya shilingi 100. Yeye alilipa 2,400 ili niipate, na hakuwahi kula hata bawa la kuku wangu. Nilimpelekea pesa zake polepole, mia tano tano, kutoka kwa makala kama hii. Bado namdai msamaha, yeye hanidai kitu tena. Lakini wale kuku elfu 48 wa upande wa Thika, wenyewe wana majirani wangapi, na ni nani anayewapelekea mia tano?